Dakika Tisa Juu ya Uyole

Saa tisa na robo usiku. Baridi ya Uyole
imeshika kitasa cha mlango, haitaki kuachia.
Nimevaa makoti mawili na soksi za Lugano,
nangoja kitu chenye ukubwa wa pakiti mbili za unga
kichomoze upande wa Chunya.

Anaitwa Ulezi.
Wenzake ni Njegere na Pareto;
wanafunzi ndio waliowapa majina
na wakubwa wakakosa hoja ya kupinga.
Tumboni mwake mna fuwele ya chumvi
isiyozidi kiberiti,
ambayo mwale wa gama ukiipenya
humeta mara moja, kama mtu aliyeguswa usingizini.
Basi. Kazi yake ni hiyo: kushtuka,
na kuandika saa aliyoshtuka.

Hushtuka bure pia.
Juu ya Atlantiki ya kusini, penye vumbi la chembe,
humfumba macho kila apitapo,
la sivyo angetuletea misiba elfu
isiyo na marehemu.

Antena inageuka juu ya paa, bawaba inalia.
Dakika ya kwanza ni mikwaruzo.
Ya pili, salamu: joto la betri, hali ya paneli,
nimeamkaje, nimeshindaje.
Ya nne umeme unakatika mtaa mzima
na betri ya pikipiki ya Lugano inapokea kijiti
bila kuyumba.
Ya tano
kilele kinasimama kwenye jedwali, peke yake,
kama mnara wa simu katikati ya shamba la viazi.

Sekunde kumi na moja.
Kuna nyota imekufa.

Wapi? Ulezi hajui.
Fuwele haina shingo ya kugeuza.
Anazama nyuma ya Kyela na swali langu mdomoni.

Mwaka juzi, baba mdogo Luvanda alipofariki,
kila aliyenipigia alilia tu, hakuna aliyesema yuko wapi.
Tulijua amelazwa, kitanda cha dirishani.
Nikakaa kitandani nikahesabu nani alisikia lini:
Njombe saa mbili na dakika ishirini,
Makete mjini saa mbili na dakika tano,
Matamba, saa mbili kamili.
Matamba walilia kwanza.
Nikajua, kabla ya kuambiwa,
kwamba mzee alitoroka hospitali
akaenda kufia karibu na pareto yake.

Kwa hiyo leo nangoja waliaji wengine wawili.

Njegere anapita saa kumi na dakika arobaini:
naye ameshtuka, milisekunde ishirini na tatu baada ya mwenzake.
Lugano anachora duara kwenye anga la karatasi,
anamwaga chai, anafuta kwa kiwiko, anachora upya.
Pareto anachelewa. Pareto huchelewa siku zote.
Anapofika, duara la pili linalikata la kwanza
mahali pawili,
na pamoja tunapafuta kwa penseli,
kwani kutoka huko dunia yenyewe ingemkinga Pareto
asione chochote.
Pamebaki pamoja.
Tunawatumia namba wenye darubini kubwa,
walale wasilale.

Mwanga ule ulianza safari
kabla Rungwe haijajifunza kutema moto,
kabla ya udongo, kabla ya kiazi cha kwanza,
na umekuja kugonga kiberiti cha chumvi
kilichofungwa na binti wa Iyunga kwa skrubu nne,
moja imepinda kidogo. Ninaijua.

Saa kumi na mbili mama anapiga simu.
Sakitu imeanguka huko? Imeanguka.
Viazi? Vimeungua majani, vya bondeni.
Mbona sauti yako hivyo, hujalala?
Kulikuwa na msiba, mama.
Wa nani?
Wa mbali.
Mbali wapi?
Na mimi, ambaye kwa mara ya kwanza nina jibu,
namsomea namba zote mbili, taratibu, hadi desimali.

Ananyamaza kidogo.
Kisha anasema, kama ilivyo desturi,
Poleni sana.